Kanga ya Shangazi

Gari la Digidigi lilikuja kwa kasi ya kilomita sabini kwa saa, maji ya mabomba yakilichapa kioo kama mvua ya masika, na ndani yake hakuna aliyeshika usukani. Usukani wenyewe ulikuwa umejificha ndani ya dashibodi, kama kobe anavyoingiza kichwa. Atuganile Mwambene alikaa kiti cha mbele, mikono juu ya mapaja, akihesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Shangazi akachomoza nyuma ya kibanda cha mabati, akaanza kuvuka.

Gari likasimama. Halikulia wala halikumrusha abiria wake. Lilitua tu, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Nimemwona mpita njia, Dada Atu," ilisema sauti ya gari, laini na ya upole. "Pole kama nimekushtua."

Fundi Maduhu alitoka mbio na futi yake ya mbao, akainama kwenye madimbwi na kupima kutoka bampa hadi tumbo la Shangazi.

"Shubiri moja na nusu!" akapaza sauti. "Dada Atu, hili gari lina adabu kuliko shemeji zangu wote."

"Una shemeji wangapi?"

"Saba. Na hakuna hata mmoja anayesimama akiniona."

Atu alicheka, akashuka akiwa amelowa. Kwa miaka minne alikuwa akipima magari ya jarida la *Kipimo*, lililosomwa na watu wanaojinyima miaka mingi ili wanunue gari moja: walimu, wauguzi, wastaafu. Hakuwahi kuona gari likimwona mtu hivi. Katika jiji la Dodoma, ambako magari yalikuwa yameanza kujiendesha yenyewe tangu yeye akiwa darasa la tatu, bado watu wa miguu walivuka barabara wakisali. Akaweka mkono juu ya boneti lililokuwa na joto kama shavu la mtoto, na machozi yakamlenga. Maduhu akajifanya hajayaona.

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa sanamu la mpira lililotembea juu ya reli, lenye mabomba ya maji moto ndani ili liwe na joto la mwili, na kifaa kidogo kifuani kilichodunda kama moyo. Magari mapya yalitambua watu kwa vitu vitatu: umbo, joto na mwendo. Shangazi alikuwa navyo vyote. Juu ya hapo alivaa kanga, nyekundu yenye korosho za njano na pindo jeusi, iliyoandikwa *Aliyenilea Simsahau*.

Kanga hiyo ilikuwa na historia. Siku Atu alipohitimu chuo, Injinia Kamugisha, mwalimu wake na mwanzilishi wa *Kipimo*, alimpa doti nzima. "Moja uvae wewe," alimwambia, "nyingine mvalishe Shangazi. Usiibadilishe hata siku moja. Kila gari likutane na Shangazi yuleyule, kwa nguo ileile. Kipimo kikibadilika, si kipimo tena." Basi Shangazi hakubadilishwa nguo. Kila Jumamosi Atu aliifua kanga ile kwa mkono na kuianika, na Jumatatu akaifunga tena kifuani pa sanamu. Jarida lilikuwa na desturi nyingine pia: halikupokea gari kutoka kwa kampuni yoyote. Maduhu alikwenda dukani kama mteja wa kawaida, akachukua gari lolote lililokuwa mbele. Kwa hiyo kama gari la *Kipimo* lilisimama, magari yote ya aina hiyo yangesimama. Hivyo ndivyo Atu alivyoamini.

Siku tatu zilizofuata alizunguka na Digidigi. Alilipandisha kilima cha Mlimwa likiwa limebeba watu wanne, akalipeleka Singida na kulirudisha bila kulichaji. Kisha akaandika:

"Digidigi ni gari dogo la kifahari lenye heshima ya gari kubwa. Tumbo lake liko juu, makorongo ya Ntyuka halikuyagusa. Viti vya ngozi ya katani hupoa vyenyewe jua linapokuwa kali. Buti linameza magunia mawili ya mchele na kreti moja ya soda. Wenye miguu mirefu wasikae nyuma, watajuta kabla ya kufika Bahi. Redio inajifanya inajua unachotaka kusikia, izime. Lakini kama una mtoto, mzazi au jirani anayetembea kwa miguu, hili ndilo gari ambalo ningependa likutane naye barabarani."

Kama kawaida yake, kabla ya kuchapisha alimpelekea Injinia Kamugisha, ingawa mzee alikuwa ameshastaafu. Jibu lilirudi baada ya saa moja. "Nzuri sana, mwanangu. Nimeongeza mkato mmoja tu."

Watu wakanunua. Kufikia Juni, magari ya Digidigi yalikuwa yamejaa Dodoma kama kumbikumbi baada ya mvua.

Mwezi Agosti Atu alipokea ujumbe mfupi.

"Mimi ni Mama Nyemo wa Chang'ombe. Sina gari. Jirani alinisomea ulichoandika. Ulisema ungependa gari hili likutane na mzazi. Limekutana na mume wangu. Njoo umwone."

Alimkuta Mzee Chilongani wodini, fundi viatu mwenye mvi na vidole vilivyokomaa kwa nta. Shuka lilikuwa tambarare pale mguu wake wa kushoto ulipopaswa kuwa. Mama Nyemo alikaa pembeni akimenya chungwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye wa magari?"

"Ndiye mimi."

"Karibu. Mguu huu nilikuwa nimeushonea kiatu kipya wiki ileile. Wameuchukua mguu, kiatu wameniachia." Akacheka peke yake. "Mama Nyemo hataki nikitupe. Labda anasubiri uote."

"Acha maneno, mzee," mkewe akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye chungwa. "Mwambie alichokuja kusikia."

Mzee akajiegemeza kwenye mto. "Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Nilikuwa nimebeba sanduku langu la kazi kichwani. Nilianza kuvuka gari likiwa mbali. Lilikuja polepole tu, likiimba muziki. Nikajisemea, haya ndiyo yale yanayoona watu. Sikukimbia, mwanangu. Ningekimbia, ningevuka."

"Kampuni imesemaje?"

"Wanasema niliingia barabarani ghafla," alijibu. "Mimi, na umri huu! Nimeingia wapi ghafla mara ya mwisho?"

Atu alimwuliza alikuwa amevaa nini. Koti la kahawia, Mama Nyemo akajibu, lile la kazini. Lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Atu akaliomba. Mama Nyemo alimtazama kwa muda mrefu, kisha akalisukuma kwa mguu.

Asubuhi iliyofuata, kwenye uwanja wa majaribio, Atu alimvua Shangazi kanga. Akamvalisha koti la kahawia na kumfunga kisanduku cha mbao kichwani. Maduhu hakufanya utani wowote. Hawakufungua maji ya mabomba. Jua lilikuwa safi, barabara kavu, gari lilelile, kasi ndogo kuliko ile ya mwanzo.

Safari hii Atu hakukaa ndani. Alisimama kando ya reli akaona kila kitu. Shangazi akachomoza. Digidigi likaendelea kuja, likiimba. Breki zilishika dakika ya mwisho, kama mtu aliyekumbushwa jambo, na Shangazi akarushwa mita nane, mabomba yake yakapasuka na maji moto yakatiririka kwenye lami.

"Njia ilikuwa salama, Dada Atu," sauti ikasema kutoka ndani ya gari tupu. "Nimegusa kizuizi kidogo."

Maduhu alimwinua Shangazi akamwegemeza ukutani. "Joto alikuwa nalo, moyo ulidunda, mwendo uleule," akasema taratibu. "Amekosa kanga tu."

Atu alimgeukia. Kisha akatembea hadi stoo, akatoka na fagio la chelewa lenye mpini mrefu, lile la kufagilia uwanja. Akalisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga katikati ya barabara na kulifunga kanga nyekundu. Halikuwa na joto wala moyo. Halikusogea.

Digidigi likaja kwa kasi ya sabini na kusimama shubiri moja na nusu mbele ya fagio.

"Nimemwona mpita njia, Dada Atu. Pole kama nimekushtua."

Maduhu akavua kofia yake. "Hili gari halijafundishwa kumwona mtu," alisema. "Limefundishwa kutuona sisi."

Atu alijua namna ubongo wa gari unavyofundishwa. Huonyeshwa picha nyingi, maelfu kwa maelfu, mpaka ujue wenyewe nini cha kuogopa. Mtu akiuonyesha sanamu moja lenye kanga moja, utaiogopa kanga. Ni kazi rahisi kuliko kuufundisha kumwona kila binadamu, kwa kila nguo, kwa kila mzigo. Lakini ili kampuni ifanye hivyo ilihitaji mikanda ya video za majaribio ya *Kipimo*, na mikanda hiyo haikuwahi kuonyeshwa hadharani. Watu watatu tu walikuwa na ufunguo wa hifadhi. Yeye, Maduhu, na Injinia Kamugisha, aliyemwachia kazi.

Njia nzima hadi mtaa wa Kisasa alimtetea moyoni. Labda waliiba. Labda alidanganywa. Mtu aliyemfundisha kwamba kipimo ni amana, mtu aliyemlipia nauli ya kwenda kumzika baba yake Tukuyu, hawezi.

Alipofika getini kwa Injinia Kamugisha, mke wa mzee, Mama Koku, alikuwa anavuka barabara kutoka dukani na chumvi mkononi. Atu akaganda. Juu ya gauni lake alikuwa amejifunga kanga nyekundu yenye korosho za njano na pindo jeusi.

"Eee, Atu wangu! Mbona umesimama juani?" Mama Koku akamkumbatia. "Unaitazama kanga? Si unaijua! Mzee siku hizi hataki nitoke getini bila hii, hata kwenda dukani hapa. Wajukuu nao kawanunulia. Sijui ni uzee au ni mapenzi." Akacheka, akaingia ndani kuchemsha chai.

Injinia Kamugisha alikuwa barazani. Alikuwa amemsikia mkewe. Magazeti yalimlalia mapajani na hakuyaondoa.

"Shikamoo," Atu akasema, kwa kuwa ulimi wake haukujua namna nyingine ya kuanza.

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Hakukaa. "Uliwapa mikanda."

"Walisema wanataka gari litakaloona watu wa miguu. Nilifurahi, Atu. Maisha yangu yote nilipima yaliyoharibika. Nikaona sasa nitasaidia kutengeneza." Akafuta miwani isiyo na vumbi. "Halafu wakanialika uwanjani kwao. Masanamu arobaini, yote yamevaa kanga yetu. Nikaelewa."

"Lini?"

Ndani, birika lilianza kuimba.

"Lini, mwalimu?"

"Machi."

Makala ya Atu ilichapishwa Aprili.

"Ukasoma nilichoandika. Ukaongeza mkato."

"Walishaniahidi kwamba toleo lijalo litarekebishwa. Ningepiga kelele, wangeacha mradi wote. Nilifikiri miezi michache..."

"Miezi michache ulimvalisha Mama Koku kanga," Atu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Mzee Chilongani hakuwa na wa kumvalisha."

Mama Koku alitokea na sinia la chai, vikombe vitatu. Akawatazama mmoja baada ya mwingine na tabasamu lake likapotea. Atu akampokea sinia, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao, akaondoka.

Kufikia jioni alikuwa ameshapeleka taarifa kwenye mamlaka ya barabara. Walimwambia kuyaondoa magari yote barabarani kutahitaji uchunguzi, na uchunguzi ungechukua wiki sita. Akahesabu wiki sita za watu wanaovuka. Akaenda nyumbani, akafungua sanduku, akatoa kipande cha pili cha doti yake, kile ambacho hakuwahi kukivaa akikitunzia siku ya furaha.

Mama Nyemo alimpokea Chang'ombe, uani, amekaa kwenye mkeka kati ya viatu vya wateja ambavyo mumewe hakuwahi kuvimaliza. Atu alimweleza kila kitu: Shangazi, koti, fagio, na mwalimu wake. Hakujitoa katika maelezo hayo. Alisema pia kwamba yeye ndiye aliyeshikilia kanga ile miaka minne bila kuibadilisha, akidhani huko ndiko kuwa mwaminifu.

Kisha akampa kanga. Mama Nyemo akaikunjua, akainusa upya wake, akaipima kwa mikono iliyonyooshwa.

"Kwa hiyo nikivaa hii, litasimama."

"Litasimama, mama."

"Na siku nikiifua?"

Nje ya ua Digidigi lilipita, laini, likiimba muziki wake. Wote wawili walisikiliza mpaka likatoweka.

Mama Nyemo akaikunja kanga mara nne, akairudisha mikononi mwa mgeni wake. "Mimi sitaki nguo," alisema. "Andika. Andika hapahapa, nikiona. Na uweke jina lako chini, kubwa, kama ulivyoliweka kwenye ile ya kwanza."

Akasogeza viatu pembeni ili Atu apate nafasi ya kukaa.