Mahoro Alisema Ejo

Kofi la kwanza lilimpata Mahoro akiwa bado na simu sikioni. Ilikuwa saa mbili asubuhi kwenye petite barrière, kivuko cha mpaka wa Congo na Rwanda, pale Goma inapogusana na Gisenyi, na watu walikuwa wanasukumana na ndoo za nyanya na mabeseni ya nyama. Alivaa gauni la kijani la jukwaani, viatu virefu mkononi, nyayo zikikanyaga mawe meusi ya volkano. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alizungumza na mama yake kwa Kinyarwanda, kwa sauti, katika juma ambalo nyumba nyuma ya Kibati, kaskazini ya mji, zilikuwa zimechomwa na waasi waliosemwa kutumwa na Rwanda.

"Mumuskie! Iko naita adui!" kijana mmoja alipiga kelele.

Kofi la pili likampasua mdomo. Mtu akaokota jiwe.

Cikuru alikuwa anapitisha spika mbili juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Aliiachilia chukudu ianguke, akampiga ngumi yule mwenye jiwe. Jino likatoka.

"Huyu ni bibi yangu!" alinguruma. "Nani anataka kupiga bibi ya mutu?"

Alikuwa mfupi, mabega kama kabati, Mushi, mtu wa kabila la Washi wa Bukavu. Hakuna aliyeweza kumwita adui. Umati ulinung'unika, ukatawanyika.

Mahoro alijifuta damu kwa upindo wa gauni.

"Tangu lini miye ni bibi yako?"

"Tangu saa mbili na dakika kumi."

"Na mahari?"

"Nimeshatoa jino."

"Jino ya mutu mwingine!"

"Hata ngombe za mahari, mutu hatoe zake mwenyewe. Familia ndio inachanga."

Mahoro alicheka mpaka mdomo ukaanza kutoka damu upya. Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa damu, na damu haikuwaacha.

Mahoro alizaliwa katika mji wa Kiwanja, kaskazini ya Goma, binti wa muuza maharage, na sauti yake ilikomaa katika kwaya ya parokia. Goma aliimba rumba kwenye baa. Halafu mpiga piano mmoja wa Kigali, Julien, alimsikia na kumfundisha jazi kwenye hoteli yake: kuiacha ngoma itangulie kidogo, sauti ifuate kama mtu asiye na haraka. Akawa anavuka mpaka kila wiki, ijumaa Goma, jumapili Kigali.

"Kigali banasikiliza mpaka unaogopa," alimwambia Cikuru. "Banakula polepole, banapiga makofi kidogo. Haujue kama banakupenda. Goma, wimbo ikikuwa mubaya, chupa inaruka mara moja."

Na kweli iliruka. Usiku aliojaribu kuimba rumba kwa mtindo wa jazi, watu walidhani amelewa. Chupa ya bia ilimpasua paji la uso. Cikuru alimfuata aliyeitupa, akampiga mpaka kidole chake mwenyewe kikavunjika.

"Sheri yangu, wewe kila kitu ni ngumi," Mahoro alisema akimfunga kidole. "Siku ngumi haisaidie, utafanya nini?"

"Nitapiga kichwa."

Januari Julien alimpa mkataba wa mwaka mzima. Mahoro na Cikuru waligombana siku ya ijumaa, milio ya silaha kubwa ikisikika upande wa kaskazini.

"Kuya na miye Kigali."

"Kufanya nini? Kubebea spika batu benye kusikiliza na uma mukononi? Ukivuka, umevuka kabisa."

Mahoro aliondoka bila kumuaga, akaenda kwa mama yake, aliyekuwa amekimbilia Goma.

Vita viliingia mjini. Umeme ulikatika, simu zikafa, maiti zikalala barabarani. Jumatatu saa tatu asubuhi simu ya Cikuru ililia. Ujumbe uliotumwa jumapili ulikuwa umeingia: *Petite barrière ejo saa ine. Niko na mama.*

Cikuru alijua maneno ya Kinyarwanda kama ishirini, yote ya kuokota mdomoni mwa Mahoro. Ejo alilijua: ni jana. Basi tangu jumamosi saa nne Mahoro amevuka na mama yake, na alichobaki kumpa yeye ni taarifa. Alichukua nyundo akazivunja spika zake, moja baada ya nyingine. Kisha akakaa juu ya vipande.

Saa nne ya jumatatu hiyo hiyo Mahoro alikuwa mpakani. Saa tano alikuwa bado pale, risasi zikipita juu ya mabati. Mama yake, Mukakalisa, alimvuta mkono. "Tungoje kidogo, mama, atakuya." Saa sita kombora lilianguka kando ya foleni. Mwanamke wa mbele yao alibaki bila kichwa. Mguu wa kushoto wa Mukakalisa ulibaki ukining'inia kwa ngozi. Mahoro alivua kitenge, akaufunga, akamburuta mama yake mpaka upande wa pili.

Wiki tatu baadaye mtandao ulirudi. Cikuru alipiga.

"Uko muzima?" Mahoro aliuliza.

"Niko muzima. Miye sikukimbia mutu."

"Mwoga!" Simu ikakatika.

Neno hilo lilimla miezi minne. Mwishowe alivuka, akapanda basi la Kigali, nia yake kumtukana mbele ya watu wake.

Alifika hotelini jumapili, saa ya chakula. Mahoro alikuwa jukwaani kwa gauni jeusi, Julien kwenye piano. Alipomwona Cikuru mlangoni hakunyamaza. Wanamuziki wa Congo wana desturi ya kutaja jina la mtu katikati ya wimbo ili kumsifu. Huko ni kurusha libanga. Mahoro alirusha la kutukana, polepole, kwa sauti tamu ya jazi:

"Cikuruuu, mwanaume wa ngumi, alituacha barabarani…"

Wateja walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya wimbo.

"Wewe ndiwe ulikimbia!" Cikuru alipaza sauti, akapindua meza. Walinzi wanne walimwangukia. Walimpiga mbavu, walimpiga uso, wakamtupa uani nyuma ya jiko. Mahoro aliwafuata.

"Nilikungoja saa ine, saa tano, saa sita! Mama alisema tuvuke, miye nilikatala juu yako. Mama amekatwa muguu!"

Cikuru alitema damu. "Kungoja lini? Uliandika ulivuka jana!" Akamsukumia simu. "Soma. Ejo. Ejo ni jana."

"Ejo ni kesho!"

"Kila siku unasema, ejo nililala mubaya, ejo nilikula samaki sambaza…"

"Ni jana na ni kesho, zote mbili! Unaangalia kitendo, kama ni cha kupita ao cha kuya."

"Sasa kitendo iko wapi humu?"

Mahoro aliangalia. *Petite barrière ejo saa ine. Niko na mama.* Alikuwa ameandika haraka, madirisha yakipasuka. Hakuandika kama amevuka wala kama atavuka.

Alimpiga kofi hata hivyo.

"Kutoka kwako mpaka barrière ni dakika kumi na tano. Haukukuya hata kuangalia."

"Ndiyo," Cikuru alisema. Hakuinua mkono. "Sikukuya. Nipeleke kwa mama."

Mukakalisa alikuwa anakaa juu ya kilima, nyumba ya ngazi nyingi, lakini jumapili hiyo alikuwa chini, hapo hapo hotelini, kwenye meza ya jiko, magongo yake yakiegemea ukuta. Cikuru alipiga magoti, uso umevimba.

"Mama, ni miye niliwachelewesha. Sina la kujitetea."

Mama alimtazama sana. Kisha akanyoosha mikono. "Nibebe."

Alimbeba mgongoni, akaanza kupanda ngazi za kwenda kwake, mbavu zikimchoma. Mukakalisa alianza kuzungumza kwa Kinyarwanda, sentensi ndefu za kulalamika, Mahoro akifuata na magongo.

"Anasema nini?"

"Anasema unanuka jasho."

"Na ile ingine?"

"Anasema hajakusamehe. Lakini ngazi ni nyingi na wewe uko na mabega."

Mama akaongeza kitu, kwa ukali, na neno la mwisho lilikuwa *umukwe*. Hilo halikuhitaji mkalimani. Mukwe ni mukwe pande zote mbili za mpaka.

Cikuru alisimama katikati ya ngazi. "Mahoro, nimesikia muzuri?"

"Tembea," Mahoro alisema, akilia. "Mama ni muzito."