Mpagazi wa Mpakani

Jambo hili lilimpata Nasri, fundi mwashi wa Gongoni, mjini Tabora, na mwenyewe bado yu hai. Ukimtaka utamkuta mtaa wa Isevya akipiga lipu nyumba za watu, amekaa kimya kama aliyefiwa. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa mtu wa maneno na vicheko, na kazi yake aliisifu mwenyewe kabla watu hawajaisifu.

Mwaka huo Tanzania na Burundi zilikuwa zikiweka upya alama za mpaka wao. Hapakuwa na ugomvi. Nguzo za zamani zilianguka, nyingine zikamezwa na majani, hata watu hawakujua tena shamba la nani linaishia wapi. Basi wakubwa wakakaa, wakaelewana, wakatuma wapima wao waende porini pamoja. Wa Tanzania aliitwa Renatus. Wa Burundi, Salvator. Walikula sahani moja na kutaniana kama mashemeji. Nasri walimchukua kumwaga zege la nguzo.

Asubuhi moja walifika kilimani, upande wa Buhigwe, mkoani Kigoma. Wanawake walikuwa wakivuka na vikapu vya ndizi, wengine wakirudi, wakisalimiana kwa majina. Mstari wa mpaka ulipita kando kabisa ya rundo la mawe meupe lililofika kifuani mwa mtu. Bibi mmoja, Levina, aliacha kupalilia mihogo yake akawafuata.

"Shikamoo bibi," walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hapo amelala mtu. Mpagazi. Alitoka Unyanyembe, huko Tabora, enzi za misafara ya miguu. Aliugua, wenzake wakamwacha, mababu zetu wakamzika. Kila apitaye humwongezea jiwe, wa huku na wa kule. Mpaka wenu wekeni. Mawe yake msiyaguse."

Wapima waliahidi. Nasri ndiye aliyezidi wote. Aliweka mkono kifuani, akasema, "Huyu ni ndugu yangu, bibi. Mtu wa kwetu. Nitamlinda mimi."

Bibi Levina akafurahi, akamletea mihogo ya kuchemsha.

Mvua ikanyesha. Lori la kokoto likakwama bondeni, na wageni wa nchi mbili walikuwa wanakuja kesho yake kuizindua nguzo. Ilikuwa Jumapili, wanakijiji wote wako kanisani. Wapima waliteremka kwenda kulikwamua lori. Nasri akabaki peke yake kilimani, ana saruji, ana mchanga, ana maji. Kokoto hana.

Aliyatazama yale mawe. Mazuri, magumu, masafi. Akawaza jinsi wageni watakavyokuta shimo tupu, na jinsi jina lake litakavyoharibika.

Jiwe la kwanza alilichukua kwa hofu. La pili kwa haraka. Yaliyofuata hata hakuyatazama. Akayaponda kwa nyundo, akachanganya, akamwaga, akashindilia mpaka nguzo ikajaa pomoni. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kila nyundo ilipotua, mawe hayakulia kama mawe. Yalitoa mlio mzito, wa mtu anayepigwa mgongoni.

Bibi Levina aliporudi kutoka kanisani alikuta kaburi liko sawa na ardhi. 

"Nani?" aliuliza.

Hapo Nasri angeweza kusema.  Badala yake aliinua kidevu kuelekea ng'ambo.

"Watu wa upande ule," alisema. "Nimewaona wakiyabeba." Wapima nao aliwaambia kokoto ya nguzo ameiokota mtoni.

Kesho yake ngoma zilipigwa. Wakubwa wa nchi mbili walishikana mikono juu ya nguzo, jina la fundi likatajwa, makofi yakavuma. Bibi Levina hakupiga makofi. Nasri alipopitisha kiganja kuifuta nguzo vumbi, alikiondoa upesi. Zege lilikuwa na joto. Si joto la jua. Joto la kwapa.

Alirudi Gongoni kwa mkewe, Najiat. Siku chache zikapita vizuri. Kisha asubuhi moja, Najiat yuko jikoni na vitumbua, sauti ya mwanamume ikasikika mlangoni, sauti ya mtu aliyechoka.

"Mwangaluka."

Ni salamu ya Kinyamwezi, ya asubuhi. Najiat akaitikia, akafungua. Barazani hapakuwa na mtu.

Siku ya pili, vilevile. Siku iliyofuata sauti iliongeza neno, kwa chini, karibu na komeo:

"Niingie upande gani?"

Nasri alikuwa sebuleni. Naye aliisikia. Mkewe alimuuliza ni nani huyo, akasema wahuni.

Tangu siku hiyo nyumba ikagawanyika. Sisimizi walitoka ukutani, wakafika katikati ya sebule, wakageuka. Paka naye hivyo hivyo. Chai iliyowekwa upande wa mlangoni ilifuka moshi. Ya upande wa jikoni ilipoa kabla haijamiminwa yote. Nasri alipovuka hapo katikati alihisi baridi ikimpanda miguuni, magotini, kifuani, kama avukaye mto. Alivuka akiangalia chini. Hakumwambia mtu.

Mchana mmoja alikaa sebuleni, Najiat akiwa jikoni, mlango uko wazi baina yao. Alimwona mkewe akiinua sufuria ya mafuta. Akamwona akiyumba. Mafuta yakamwagika mkononi. Mdomo wa Najiat ukafunguka wote.

Hakuna sauti.

Alipiga kelele. Mishipa ilimtoka shingoni. Alimtazama mumewe, akamnyooshea mkono. Hakuna sauti. Kimya. Nasri alikaa akikodoa macho kama aangaliaye picha, mpaka mkewe akaanguka. Hapo ndipo akaruka.

Jioni, mkono umefungwa bendeji, Najiat alimwambia kwa kunong'ona, "Nilikuita kwa jina lako. Nilikuita hadi majirani wa nyuma wakaja. Wewe ulikuwa unanitazama tu."

Nasri alitaka kueleza. Lakini angeanzia wapi? Angeanza na mawe.

Usiku uleule simu iliita. Ni Renatus, sauti imemwishia.

"Fundi, huku kumeharibika. Soko la pamoja limefungwa. Bibi harusi aliyekuwa akienda kuolewa ng'ambo amerudishwa njiani. Vijana wa huku wamewapiga wa kule kwa sababu ya yale mawe. Wewe ndiye uliyeona. Njoo useme uliona nini."

Alisafiri. Kilimani alikuta watu wamesimama makundi mawili, nguzo katikati, askari wa pande zote wamewatenga. Kijana mmoja wa ng'ambo alikuwa na kitambaa cha damu kichwani. Alipigwa kwa ajili ya mawe ambayo hakuyagusa. Nasri alijaribu kumtazama usoni, akashindwa.

"Sema, fundi," Salvator alimhimiza taratibu. "Uliwaona akina nani?"

"Sikumwona mtu," Nasri alisema. "Ni mimi. Yamo humo ndani ya nguzo."

Hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana. Renatus aligeuza uso pembeni, kama mtu aliyemkuta mzazi wake uchi. Bibi Levina akasogea hadi mbele yake.

"Uliniita bibi," alisema. "Ukala mihogo yangu."

Akarudi alipokuwa amesimama. Nasri anasema hakuna lililomuuma kama hilo, wala halitakuwapo.

Wapima walipiga simu kwa wakubwa wao, huyu kwao na huyu kwao. Ilikubaliwa nguzo ivunjwe na kujengwa upya palepale, mbele ya mashahidi wa nchi mbili. Nasri ndiye aliyepewa nyundo. Pigo moja tu, nguzo ikapasuka kama yai.

Ndani ilikuwa tupu.

Nguzo aliyoijaza kwa mikono yake, akaishindilia. Tupu. Na ule uwazi ulikuwa na umbo. Mtu amechuchumaa. Magoti kifuani. Shingo imeinama. Alama za mbavu zilisomeka kwenye zege, moja moja.

Salvator alifanya ishara ya msalaba. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, swali ambalo kila mtu alikuwa nalo:

"Sasa ameenda wapi?"

Watu wa huku na wa kule waliinama pamoja wakachokoa mawe kutoka kwenye vipande vya zege, wakayarudisha kaburini. Kijana mwenye kitambaa naye aliokota. Nasri alipotaka kuokota, Bibi Levina alitikisa kichwa. Nguzo mpya ikamwagwa kwa kokoto ya mtoni, ikalindwa na askari wa pande zote mbili. Asubuhi ilikutwa imekauka, na juu yake unyayo wa mtu mzima, mguu wa kushoto, peku. Askari waliapa hawakuona mtu. Soko lilifunguliwa wiki ileile. Bibi harusi akavuka.

Nasri aliporudi Gongoni alimkuta Najiat amesimama uani, hataki kuingia ndani kwa mlango wa mbele.  Alimwonyesha tu baraza kwa mkono wake mzima.

Baraza ile ni ya sakafu ya saruji, ngumu kama chuma. Aliimwaga marehemu baba yake Nasri kabla Nasri hajazaliwa. Karibu na kizingiti kulikuwa na unyayo umezama, vidole vyote vimejichora vizuri, kama uliokanyagwa kwenye zege bichi. Mguu wa kulia. Vidole vimeelekea ndani.

Najiat alitandika mkeka juu yake. Asubuhi mkeka ulikutwa umekunjwa, umeegemezwa ukutani kwa adabu.

Unyayo upo hadi leo. Nasri, anayeziba nyufa za mji mzima, hajathubutu kuuziba. Mvua ikinyesha maji hutuama baraza nzima, lakini unyayo ule hubaki mkavu, na ukiinama ukauwekea kiganja, una joto.