Saa Iliyoanzia Jukwaani

Ndugu zangu, mwaka jana nyumbani kwa Mbonile hapa Tunduma kulikuwa na raha ya kuonewa wivu. Jumapili moja mkewe, Gwantwa, alikuwa jikoni, binti yao Nesta anasukwa nywele mlangoni, na Mbonile mwenyewe anasimulia kwa mara ya tatu jinsi zamu anayoisimamia kwenye bandari kavu ilivyoongoza tena. Kazini kwao kulikuwa na ubao unaoonyesha kila zamu imeshusha malori mangapi na kwa dakika ngapi. Msimamizi akiongoza miezi mitatu mfululizo hupandishwa cheo, na Mbonile alikuwa amebakiza wiki moja tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ujanja wenyewe ni huu. Saa ilianza kuhesabu lori likifika kwenye jukwaa la kushushia mizigo, si likifika getini. Kwa hiyo Mbonile aliita kwanza malori ya mifuko ya mbolea, yanayoshushwa chapuchapu, na yenye mitambo mizito akayaacha nje. Madereva wakalala barabarani siku nne, tano, huku ubaoni zamu yake inang'ara. Hakuwa ameiba wala kughushi kitu, ndiyo maana alilala usingizi mnono.

Jumanne simu yake ikaita. Alikuwa Isaka, mdogo wake Gwantwa, dereva wa malori mwenye ugonjwa wa kisukari.

"Shemeji, niko nje ya geti lenu, leo siku ya tatu. Nimebeba mtambo wa mgodi. Dawa yangu ya sindano inaishia kesho asubuhi."

"Vumilia mpaka Ijumaa, shemeji. Mtambo mmoja unanilia nusu siku nzima."

"Nikitoka kwenye foleni napoteza nafasi."

"Basi usitoke," Mbonile akasema, akakata simu. Wala hakumwambia mkewe kitu.

Alhamisi mchana Gwantwa alipigiwa kwa simu ya Isaka, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Dada, mimi Abdulwahab, dereva mwenzake. Ndugu yako anaongea vitu havieleweki. Njoo."

Alikwenda na kanga ya jikoni. Wakamshusha Isaka kwenye lori, wakampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Kutoka huko akampigia mumewe.

"Baba Nesta, ulijua kwamba yuko pale?"

Mbonile akaanza kuuliza hali ya mgonjwa.

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Gwantwa akakata.

Mbonile alikabidhi zamu, akaenda kukaa kwenye benchi la hospitali mbali kidogo na mkewe. Aliogopa, tena sana. Aliogopa shemeji yake asife, akaogopa na kumtazama Gwantwa machoni. Saa kumi na moja jioni muuguzi akatoka, akasema, "Amezinduka. Mmemuwahi."

Gwantwa alilia kwa kushukuru. Isaka naye, macho hayajafunguka vizuri, akauliza, "Shemeji, nafasi yangu haijachukuliwa?" Mbonile akacheka huku machozi yanamtoka.

Kesho yake aliingia ofisini kwa meneja, Bi Ikram. "Madamu, ubao ule unanisifu bure. Hesabuni tangu lori linapofika getini."

"Unajua utashuka?"

"Najua."

Akashuka kweli, mpaka mkiani, na cheo akapewa mwingine. Lakini kwa kuwa saa sasa ilianzia getini, ilibidi kila zamu iyaite malori kwa utaratibu wa kufika, na foleni ikapungua mpaka siku moja. Juzi Isaka amekuja na mtambo mwingine. Aliingia getini asubuhi, na mchana alikuwa mezani kwa dada yake. Gwantwa akampakulia ugali, kisha akamtania mumewe kuhusu kitambi chake, wakacheka wote watatu. Nyumba ile ilikuwa imekikosa kicheko hicho kwa muda mrefu.

FUNZO

Kupima kazi ni jambo jema, wala sisemi ubao ung'olewe. Ila kabla hujajivunia namba zako, toka nje ya geti ukawaone watu ambao hazikuwahesabu. Kila mmoja wao ni ndugu wa mtu. Mbonile alijifunza hivyo kwa sababu siku ile ndugu huyo alikuwa wake, na bahati yake ni kwamba kuna dereva asiyemfahamu aliyejali kupiga simu.