Joka Lililopunguzwa Makali

"Ala! Huna macho?"

Bushra alifoka mbele ya posta ya Ukunda, Jumamosi ya watu tele, mwaka wa tisini na saba. Kona ya skrini ya kompyuta ilikuwa imemgonga bega. Aliyeibeba alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe la pasi, jasho likimchuruzika.

"Macho ninayo, dada, yamezibwa na mzigo. Niwie radhi."

"Unaupeleka wapi?"

"Kwa mama Kavindu, mwenye ofisi ya kuchapa barua."

"Ndiko nifanyako kazi. Basi tembea polepole, usiivunje kabla sijaigusa."

Hivyo ndivyo alivyojuana na Athmani, fundi wa kompyuta, mtu wa Jego. Ndani ya mashine ile mlikuwa na mchezo: unajiundia shujaa, unampa jina na upanga, unamwingiza mapangoni akapigane na joka, na kila akishinda anazidi nguvu. Bushra alimwita shujaa wake Mwanasiti, jina la bibi yake. Mchezo ulipomwuliza anataka vita vyepesi, vya kati au vigumu, alichagua vigumu bila kufikiri mara mbili.

Mchana wateja walipopungua, Athmani alikuwa akipita, akiketi kando yake na kumchokoza.

"Kipenzi, leo joka limekuua mara ngapi?"

"Nne. Na ukicheka nitakutia kidole cha jicho."

Mwezi mzima ulipita hivyo. Siku moja Bushra alichoka, akasukuma kiti. "Nikifa tena leo, sichezi tena, wallahi." Adhana ya adhuhuri ikaita. Akatengeneza buibui lake, akaenda kusali, akamwachia Athmani mashine. Aliporudi, mapigo matatu tu, joka chini! Alipiga kelele hadi Kavindu akatoka mbio na karatasi mkononi.

"Woiye, kuna nini?"

"Nimeliua, mama Kavindu! Mimi mwenyewe!"

Kwao Munje alisimulia nyumba hadi nyumba. Babake alimpongeza bila kuelewa ni joka gani. Na katika furaha hiyohiyo, mjomba wa Athmani akaleta barua ya posa. Baba akasema binti aulizwe, na jibu litolewe Ijumaa.

Jumanne yake Kavindu alilalamika. "Hebu punguza hiyo sauti, nina customer hapa." Bushra akafungua ukurasa wa kurekebisha mchezo, atafute mahali pa sauti. Chini ya sauti palikuwa na ugumu wa vita. Palionyesha vyepesi kabisa.

Alisoma mara tatu. Simu ya mezani ikalia, naye akainyakua.

"Hujambo, muhibu wangu?"

"Nani amegusa mchezo wangu?"

"Mchezo upi?"

"Nakuuliza, Athmani!"

"Ni mimi. Ulisema ukifa tena huchezi. Nikaona sitakuwa na sababu ya kuja kukaa nawe."

"Kwa hiyo nikashangilia mbele za watu kama punguani, na wewe ukanipigia makofi!"

"Bushra, ni mchezo tu."

"Mimi naenda kumsujudia Mola wangu, wewe huku nyuma wanifanyia hila! Na hiyo barua ya mjomba wako, subiri uone jibu lake."

Akaibwaga simu. Kavindu alimtazama mdomo wazi. "Aki wewe, unaacha mtu juu ya game?"

"Si mchezo, mama. Nimedharauliwa." Na machozi yakamtoka, jambo lililomzidishia hasira.

Alhamisi mchana Athmani alikuja, ndevu hazikunyolewa, shati lina makunyanzi. Bushra hakumwitikia vizuri hata salamu. Alikuwa amerudisha vita vigumu na kuanza upya. Athmani akaketi. Mwanasiti akauawa. Mkono wa Athmani ukanyanyuka.

"Usiguse!"

"Sigusi."

Bushra akamgeukia. "Niambie ukweli leo. Nini kingine umenirahisishia?"

Athmani aliinamisha kichwa. "Mama yangu."

"Amefanya nini? Uliniambia alipiga vigelegele kusikia habari ya posa."

"Hakupiga. Alisema hataki mkwe anayeshinda ofisini na wanaume wa mjini. Mjomba alikuja kwenu bila ridhaa yake."

"Astaghfirullah! Na ungeniambia lini, siku ya harusi? Niingie nyumba ya watu nikitabasamu, mwenyewe ananikunjia uso, nami kosa langu silijui?"

"Niliogopa utasema la."

"Ungeniacha niseme! La ni langu, ndiyo ni yangu! Nani amekupa wewe kazi ya kunichagulia?"

Macho ya Athmani yalikuwa mekundu. Bushra aliona alivyokonda kwa siku mbili, akamhurumia, na bado alitamani kumzaba kofi. Akazima mashine, akachukua mkoba.

"Mjomba wako aambiwe jibu halitatoka kesho. Kesho nakwenda Jego na shangazi yangu, nimwamkie mamako. Hayo aliyoyasema kwako, aniambie usoni."

"Atakutukana, Bushra. Humjui."

"Ndiyo naenda nimjue."

"Nije nawe?"

"Njoo, ukae barazani. Na usinisemee hata neno moja."

"Akikukataa je?"

"Jumatatu nitarudi kwake tena."

Athmani akasimama. "Kwa hiyo bado wanitaka?"

"Nakutaka, na nimekukasirikia mno. Yote mawili, nawe utayabeba," akasema Bushra. "Haya, nifungulie mlango."