Ukoo wa Mandanje

Mandanje hakuwa na shahada. Hakuwa na miwani inayomkaa sawa, wala jino la mbele, wala mikorosho kama wenzake wa rika. Na mkewe alitangulia mbele ya haki bila kumwachia mtoto wa kubeba jina lake. Alichokuwa nacho ni cheti cha masomo ya jioni, alichokipata kwa jasho akiwa na miaka arobaini na sita, na ufunguo wa chumba cha kisomanasaba, mashine ya kusoma vinasaba, mjini Mtwara.

Mashine hiyo haikuzidi cherehani kwa ukubwa. Kila asubuhi vipanga wa bati, wasio na rubani, waliiletea mbu kutoka kila wilaya. Iliwasaga, ikakisaka kirusi, ikasoma vinasaba vyake herufi kwa herufi, karibu elfu kumi na mbili, kabla chai haijapoa. Kirusi kinapozaliana hukosea herufi moja mbili. Kwa makosa hayo mashine ilijua nani mama wa nani, kama bibi anayezijua koo zote za kijiji.

Siku hiyo kioo kiliandika: “Chikungunya. Ukoo mpya. Chimbuko: mapipa ya maji, Namkunda.”

Mandanje akaketi. Namkunda ndiko kilikozikwa kitovu chake. Na ukoo mpya huitwa kwa jina la mahali ulikozuka. Miaka sita nyuma mmoja uliitwa Mnyelele, jina la kijiji, na hadi leo wachumba wakilisikia jina hilo hugeuza njia.

Daktari Mapunda, mkuu wake, akachungulia. “Umenuna nini, mtani? Korosho imekukwama?”

“Ni kwetu, Daktari.”

Utani ukamkauka. “Ukichelewesha taarifa, watu watalala vitandani wamejikunja.”

“Nani kasema nachelewesha?”

Akabonyeza. Vipanga wa dawa wakaruka kuelekea Namkunda. Zamani kazi hiyo ilikula wiki nzima; sasa mapipa yangetiwa dawa kabla ya adhuhuri.

Ikabaki saa moja kabla jina halijatangazwa. Kanuni ilisema kusoma ni kazi ya chuma, kutaja jina ni kazi ya mtu: msomaji aliweza kupendekeza jingine, kwa barua ya mkono yenye lakiri.

“Chikungunya ni neno letu Wamakonde,” alisema Mandanje, akichovya kalamu. “Kujikunja. Neno dunia imeshalichukua. Kijiji isikichukue.”

Mapunda akasoma begani kwake: *Ukoo huu uitwe Mandanje.*

“Mtani! Watasema Mandanje kawavunja magoti!”

“Na waseme. Mimi sina binti wa kuposwa. Namkunda wanao mia mbili.”

“Sisi Wangoni tulishindwa kuwatiisha nyinyi kwa mikuki,” Mapunda akasema polepole, “sasa nimejua kwa nini.”

Mandanje akacheka, pengo wazi. Akaikunja barua, akadondosha nta ya lakiri, akaikandamiza kwa ufunguo wake. Kisha akaifunga kwenye kucha za kipanga, akafungua dirisha, akamwachia.