Bahasha ya Picha ya Mama

Nyumbani kwetu, karatasi yoyote ya Kifaransa huletwa kwangu. Kila asubuhi, kabla sijafunga viatu vya shule, mama hunikabidhi kitu: barua ya mwalimu, bili ya umeme, au karatasi ya dawa yake ya shinikizo la damu. Mimi husoma na kueleza. Nisipoelewa, hubuni. Hakuna aliyewahi kunigundua, nami nikajiona profesa wa mtaa wetu mzima wa Kenya, hapa Lubumbashi.

Mama yangu, Mariam, ni mshonaji. Mwezi uliopita mkono wake wa kushoto ulianza kuangusha mkasi, akapelekwa kupigwa picha ya ubongo. Hapa kwetu mgonjwa hubeba picha yake mwenyewe hadi kwa daktari. Basi Alhamisi tulikaa kwenye benchi la hospitali, mama, mjomba Shafi na mimi, bahasha kubwa ikiwa magotini mwa mama. Tuliambiwa saa mbili. Saa tano ikafika, bado hatujaitwa. Nilikasirika, na mjomba alikasirika kunishinda.

“Rachida, fungua,” akasema. “Utusomee. Huyu docta iko anatuchezea.”

Nilifungua. Ndani, pamoja na picha, mlikuwa na karatasi ya maelezo ya Kifaransa, na karibu maneno yake yote yalinipita. Nilitambua moja tu lililohusu jeraha ubongoni, nikalitafuta kwenye simu, na simu ikaniletea habari za uvimbe na vifo. Ningeweza kusema sijui. Lakini sikuzoea kushindwa na karatasi mbele ya watu.

“Ni uvimbe,” nikasema. “Mubaya.”

Mama hakulia. Alitoa vidonge vyake vya shinikizo la damu mkobani, akavitupa kwenye pipa la takataka.

“Dawa ya tansion itanisaidia tena nini? Twende. Nataka kurudia kwetu Kasongo, nikafie kwa bantu yangu.”

Akasimama, na mjomba akachukua mkoba. Nilijua wakivuka lango lile hawatarudi. Niliona aibu, lakini nilimshika mama kitenge.

“Mama, sikuelewa ile karatasi. Nilibahatisha. Hata siku zingine nabahatishaka.”

Mjomba alinikaripia mpaka benchi zima likageuka. Kisha mama akakaa tena.

Tulipoitwa, Daktari Ngalula aliisoma karatasi, akaiinua picha kwenye mwanga, akakunja uso. Akasema wazi kwamba kuna sehemu hana hakika nayo. Akampigia simu mwenzake aliyeisoma picha ile, akamuuliza, akaandika, akauliza tena. Kumbe ndivyo alivyofanya kwa kila mgonjwa, ndiyo maana tulikaa asubuhi nzima.

Halafu akatueleza taratibu. Haukuwa uvimbe. Lilikuwa kovu la mshipa mdogo ulioziba kwa sababu ya shinikizo la damu. Mkono ungehitaji mazoezi, na vidonge vile vile ndivyo vingezuia mshipa mwingine usizibe. Mama asiache hata siku moja. Nililitazama lile kovu dogo pichani, nikakumbuka pipa la takataka.

Tulinunua vidonge vipya. Asubuhi iliyofuata mama alinipa karatasi ya dawa kama kawaida. Nikasoma, nikakwama kwenye mstari wa tatu.

“Hapa sijui, mama.”

Mama aliikunja karatasi, akajifunga kitenge twende kuuliza famasi.

“Uliona docta?” akaniambia. “Na masomo yake yote, aliuliza mbele yetu. Sasa wewe ulikuwa unaogopa nini?”