Hodi kwenye Gari la Dominiko

Haya yalimpata Alfred, mwalimu mwenzangu hapa Nachingwea. Kaka yake, Dominiko, alijiundia gari la mbio kwenye karakana ya misheni, la viti viwili, halina pacha duniani. Aliyetaka kuingia ilibidi apige hodi kama nyumbani, ndipo Dominiko amfungulie kwa ndani. Mwaka juzi gari lilikutwa Chinongwe, milango imefungwa. Dominiko hakuonekana tena.

Mwezi uliopita polisi, waliokuwa wakilishikilia, wakatangaza kulipiga mnada Ruangwa. Matajiri wa Dar wakaja kuligombania. Mama yao, Teodosia, akamwambia Alfred, "Kaliulize, mwanangu, kabla hawajaondoka nalo. Lenyewe ndilo lililomwona mwisho."

Mchana wa siku ya mnada Alfred aliingia peke yake kwenye ghala lilimowekwa gari, lisilo na dirisha. Giza totoro, mabati yakialika kwa jua. Akapapasa mpaka kwenye mlango wa gari na, kwa mazoea, akagonga.

"Hodi, kaka."

Kitasa kikafyatuka kwa ndani: tak!

"Kaka, mama anakufa kwa kukungoja. Sema chochote."

Akafungua, akawasha tochi ya simu. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, vumbi tele. Lakini mkanda wake ulikuwa umefungwa, umetuna kama umezunguka kifua cha mtu, ukipanda na kushuka taratibu.